Ua wa Masale na Ua wa Saipresi

Mtu ajengaye nyumba katika kihamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hamalizi kazi yake akiisha kuezeka. Yampasa kuonyesha mpaka wa shamba lake, tena kuzuia upepo na macho ya wapitao njiani. Kwa kazi hiyo mimea miwili hushindana mara nyingi: isale na msaipresi. Yote miwili huwa na majani mabichi masika na kiangazi, na kwa sababu hiyo asiyeichunguza hudhani ya kuwa kuchagua ni kazi ya macho tu. Walakini tabia zake hazifanani hata kidogo.

Kwanza ifahamike maana ya mmea usiopukutika. Si kwamba majani yake hayafi. Kila jani lina umri wake, nalo likizeeka huanguka. Lakini hayaanguki yote kwa wakati mmoja, na mapya huwa yamekwisha kuota kabla ya yale ya zamani kuondoka. Ukifagia chini ya ua wowote wa namna hii utaona ushahidi.

Isale, ambalo watu wengi hulitaja kwa wingi, masale, ni mmea wa shina jembamba lililo wima, na majani marefu yenye kung'aa, yaliyochongoka nchani. Maua yake ni meupe, nayo hufunguka usiku na kutoa harufu kali. Ndiyo maana wataalamu wa mimea waliliita kwa Kilatini Dracaena fragrans, na neno la pili maana yake ni “lenye kunukia”. Likiachwa bila kukatwa laweza kupita paa la nyumba. Huko Ulaya watu hulipanda katika chungu na kuliweka sebuleni kuwa pambo, wala wengi wao hawajui ya kuwa kwa Wachaga ni alama ya mpaka.

Msaipresi ni wa ukoo mwingine kabisa. Ni katika miti isiyo na maua wala matunda ya nyama, bali huzaa mbegu ndani ya koni, yaani vibumba vigumu ambavyo hukauka na kupasuka. Majani yake ni madogo mno, kama magamba ya samaki, nayo hulala juu ya kijitawi. Jina lake la Kilatini, Cupressus lusitanica, lasema ni mti wa Ureno, lakini jina hilo hupoteza njia: kwao hasa ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Wala isidhaniwe ya kuwa miti yote ya koni na jamaa zake ni migeni huku. Katika misitu ya Kilimanjaro mna mtarakwa na mpodo, nayo ni wenyeji wa tangu kale.

Sasa na tumfikirie kijana mmoja aliyepewa na baba yake kipande cha kihamba, chenye migomba na mibuni, upana wake hatua thelathini tu. Mpakani pana masale ya zamani, mengine yameinama, mengine yana mapengo. Kijana ameona ua wa saipresi barabarani, umekatwa sawasawa kama ukuta, akautamani. Akaenda kwa baba yake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Baba, nataka kung'oa masale yale, nipande saipresi.”

“Jirani umemwuliza?”

“Ya nini kumwuliza, baba? Ua si wangu?”

“Ua ni wako. Mpaka ni wenu wawili. Masale yale walipanda babu yako na babu yake, siku moja, mbele ya wazee. Ukiyang'oa, kesho atakayesema mpaka ulipita hapa ni nani?”

Maneno ya mzee huyo si ya ushupavu wa wazee tu. Isale likikatwa, hata chini kabisa, huchipuka tena pale pale. Mtu mwenye hila aweza kulifyeka usiku, lakini baada ya miezi michache machipukizi yatamsuta. Kwa sababu hiyo lilikubaliwa kuwa shahidi wa mipaka, na mahali pengine hupandwa penye makaburi ya wazee. Tena lina kazi nyingine ambayo saipresi hauna: mtu aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na ombi lililoletwa na jani hilo ni vigumu sana kulikataa. Mtu ang'oaye masale ya mpakani bila shauri ameondoa alama ya ardhi pamoja na alama ya amani.

Lakini tuache desturi, tuutazame ua wenyewe kwa jicho la mkulima. Nenda kwenye ua wa saipresi uliozeeka, uyatenganishe matawi kwa mikono miwili. Nje ni kijani. Ndani ni vijiti vya kahawia visivyo na jani hata moja. Katika sehemu ile ya kahawia msaipresi hauchipuki tena. Basi mwenye ua wa namna hii hana budi kuukata kidogo kidogo, mara mbili au tatu kila mwaka, akigusa kijani peke yake. Akisafiri, au akiugua, ua hunenepa na kuingia shambani. Naye akitaka kuurudisha kwa panga, hukutana na vile vijiti, na pengo alilolifanya hubaki pengo. Asipoukata kabisa, ule si ua tena, ni safu ya miti ambayo yaweza kufika futi 90, yenye kivuli kizito na mizizi inywayo maji ya migomba. Katika kihamba cha hatua thelathini, hiyo ni hasara inayokuja kila mwaka.

Pana na jambo la vidukari. Mwaka 1986 vidukari wa msaipresi walionekana Malawi, na hata mwaka 1990 walikuwa wamekwisha kufika Kenya. Wadudu hao hukusanyika juu ya matawi na kufyonza utomvu, na tawi hugeuka kuwa la kahawia na kukauka. Nyua nyingi na miti mingi ilikufa, hata mitarakwa ya msituni haikusalimika. Katika miaka ile ya 1990 wataalamu walileta nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari, ili kuwapunguza.

Hata hivyo saipresi usisingiziwe. Mahali penye nafasi, kama ukingo wa kiwanja cha shule au shamba kubwa la juu penye baridi na upepo, wakinga upepo kuliko masale, na ukiachwa ukue watoa mbao nzuri za kujengea. Masale hayana mbao. Hukua polepole, na chini huwa matupu, hata kuku hupita wapendavyo. Mwenye kutaka kuzuia kuku na afunge fito kati ya mashina.

Yule kijana alibakiza masale ya mpakani, akaziba mapengo. Miche minne ya saipresi aliipanda juu, karibu na njia, mbali na migomba, nayo ni ya mbao.

Kuziba mapengo si kazi ngumu. Masika yakianza, mwezi wa Machi, kata mashina yaliyokomaa, kila kipande dhiraa moja. Ncha ya chini ikate mshazari, na ya juu ikate sawa, usije ukasahau ipi ni ipi, maana kipande kilichopinduliwa kwa kawaida hakishiki. Viache kivulini siku moja ili jeraha likauke. Kisha chimbia kila kimoja hata theluthi yake iingie udongoni, shubiri mbili kutoka kwa mwenziwe, ukashindilie udongo kwa kisigino. Na jirani awepo unapopanda.