Bia za Italia Zisizotangazwa: Nianzie Wapi?

*Kaka Mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, niko Torino kwa masomo. Kila nikikaa baa naagiza Peroni au Moretti, kwa kuwa ndiyo majina ninayoyajua. Juzi nilimwambia mwenzangu wa darasani kwamba Waitalia ni watu wa mvinyo, bia hawaiwezi. Alicheka sana, akasema nalala njaa jikoni. Hakufafanua. Mwezi ujao shemeji yangu anakuja kunitembelea, na huyo bwana kwa bia hadanganyiki. Nianzie wapi, ukizingatia mfuko wangu ni wa mwanafunzi?*
*Mchaga wa Torino*

Mdogo wangu. Mwenzako amesema kweli tupu. Uko Piemonte, na Piemonte ni mojawapo ya mikoa ambako bia ndogondogo za Italia zilianzia. Kijiji cha Piozzo, upande wa Cuneo, ndiko Teo Musso alikogeuza baa yake ya Baladin kuwa kiwanda cha bia mwaka 1996. Ni mtu wa vituko. Aliwahi hata kuipigia hamira muziki ndani ya matangi. Mimi sijui hamira inasikiaje, lakini bia yake naiheshimu. Nia yake ilikuwa bia iheshimiwe mezani kama mvinyo, ndiyo maana utakuta nyingi za wakati ule zimetiwa katika chupa za sentilita 75. Hizo ni za kugawana, si za kunywa peke yako ukitazama mpira.

Hata hivyo, usianzie hapo. Anza na Tipopils ya Birrificio Italiano, kiwanda kilichofunguliwa mwaka huohuo wa 1996 huko Lurago Marinone, karibu na Como. Ukali wake ni kama asilimia 5.2, kwa hiyo mtu aliyezoea Safari hatashtuka. Ni bia ya rangi ya dhahabu, nyepesi, ila Agostino Arioli, aliyeibuni, huongeza maua ya hopsi wakati bia imekwisha chachuka na kupoa. Hopsi zikichemshwa hutoa uchungu. Zikitiwa kwenye bia baridi huacha harufu, kama ya majani mabichi na maua. Wapishi wa bia wa Marekani waliionja wakaiga, na leo mtindo huo unajulikana duniani kama pilsner ya Kiitalia. Iagize ya bomba, si ya chupa, na ulipe bei ya glasi ndogo. Hapo ndipo mfuko wa mwanafunzi unapopumulia: onja glasi ndogo kabla hujanunua chupa ya mtu.

Ukishaizoea hiyo, nenda kwenye bia za zabibu. Hapa ndipo Italia inapowaacha wengine nyuma, na wewe Mchaga una faida. Aliyekua akiona mbege ikitengenezwa kwa ndizi na ulezi hawezi kushangaa kusikia tunda na nafaka vimechachuka pamoja. Marentino, nje kidogo ya Torino, kuna kiwanda cha LoverBeer cha Valter Loverier. Bia yake ya BeerBera hutengenezwa kwa zabibu za Barbera, na kinachoichachusha ni hamira ya asili iliyo kwenye maganda ya zabibu zenyewe. Ina uchachu. Mnywaji wa lager akiibugia bila kuonywa atadhani imeharibika, basi mwonye. Kule Sardinia, Nicola Perra wa kiwanda cha Barley hutumia maji ya zabibu za Cannonau yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Bia hiyo ni BB10, nyeusi na nzito, ya asilimia 10. Na ukipita upande wa Alessandria, ulizia Quarta Runa ya Montegioco, iliyotiwa mapichi ya Volpedo. Chupa zao utazitambua kwa kuwa zimefungwa karatasi.

Sasa, tahadhari. Jina la kijijini si ushahidi wa udogo. Ichnusa ya Sardinia ni mali ya Heineken tangu miaka ya 1980, na Birra del Borgo, iliyoanza kama kiwanda kidogo mwaka 2005, ilinunuliwa na AB InBev mwaka 2016. Haimaanishi ni mbaya. Ninachosema ni kwamba usilipe bei ya kiwanda kidogo mahali ambapo hakipo. Tafuta kwenye lebo maneno *birra artigianale*. Tangu 2016 sheria ya Italia inayaruhusu kwa bia isiyopashwa moto wala kuchujwa kwa vichujio vidogo mno, ya kiwanda huru kisichozidi lita milioni 20 kwa mwaka. Kwa sababu haikupashwa moto, bia hiyo huchakaa upesi. Tipopils iliyokaa miezi kwenye rafu yenye jua imeshapoteza kile unachokilipia. Soma tarehe kwanza, kisha bei.

Inayokwepa kanuni hiyo ni Xyauyù ya Baladin. Hiyo huachwa makusudi ipigwe na hewa mpaka ipoteze gesi yote, na hufikia kama asilimia 14. Haina povu. Inakaribia zaidi mvinyo mtamu wa baada ya chakula. Mhudumu wa kwetu angeuliza "moto au baridi?", na kwa mara moja jibu sahihi ni moto, maana ikitoka kwenye friji haitoi ladha. Ni ghali, lakini haiharibiki upesi ikifunguliwa, kwa hiyo changeni watu wanne mnunue moja.

Peroni usiitupe. Mchana wa Julai Torino ikiwaka, inatosha kabisa. Shemeji akifika, mpeleke kwanza akanywe Tipopils bila kumwambia inatoka wapi, umwache abishe kwamba ni ya Wajerumani. BeerBera mpe kesho yake na kipande cha jibini, na Xyauyù glasi ndogo baada ya chakula cha usiku, ikiwa mnarudi nyumbani kwa tramu.