Dondoo muhimu: Bomba la nje lisipasuke kwa baridi
Usiku wa Januari mjini Winnipeg, Kanada, baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba hupasuka.

Waya wa umeme wa kupashia joto hulazwa kufuata urefu wa bomba, ukabanwa kwa utepe unaostahimili joto, kisha vyote vikavikwa sponji ya kuhifadhi joto. Waya wa kawaida usipishane wala kujigusa, maana hapo huweza kuzuka moto! Kwa bomba la plastiki, afadhali kununua ule unaojipunguzia joto wenyewe, hata kama bei imechangamka.

Soketi iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Waya uliochubuka haufungwi viraka. Hubadilishwa kabla theluji haijaanguka.