Mafunzo Niliyopata kwa Kuangalia Anime Polepole

Zamani Ijumaa jioni nilikuwa napeleka flashi kwa jamaa wa duka la muvi, ananijazia sizoni nzima, na Jumapili usiku imeisha, macho mekundu. Siku hizi naangalia episodi moja baada ya chakula cha usiku, kisha nazima. Anayelalamika ni mpwa wangu, ambaye kila ninachokianza yeye alishakimaliza kitambo.

1. Mazimwi hayanishiki. Muda ndio unaonishika.

Katika *Frieren*, iliyoanza kurushwa Japani Septemba 2023, vita na Mfalme wa Mashetani vimekwisha kabla kisa hakijaanza. Wanne waliosafiri pamoja miaka 10 wanarudi mjini, wanatazama vimondo, na Frieren anaahidi kuwapeleka wenzake mahali pazuri zaidi pa kuvitazamia vitakaporudi baada ya miaka 50. Anaitaja miaka hiyo kama mtu anayesema Jumanne ijayo. Yeye ni elfi, jamii ya masikio marefu, na ameishi zaidi ya miaka 1,000. Wanaachana, na anaporudi, shujaa Himmel amekuwa babu mfupi mwenye kipara na ndevu nyeupe. Wanakwenda kutazama vimondo kama walivyoagana, na muda si muda mzee anafariki. Mazikoni Frieren analia: miaka yote ile njiani, wala hakujihangaisha kumjua.

Yote hayo yamo katika episodi ya kwanza. Ukibonyeza ya pili papo hapo, msiba umekupita. Ajabu ni kwamba Wajapani wenyewe walirusha nne za mwanzo kwa mkupuo, usiku mmoja. Nawaelewa: labda walitaka watu wamzoee Fern, yatima anayekuja kuwa mwanafunzi wa Frieren na ndiye anayemburuta elfi huyo kutoka kitandani asubuhi. Ndiye pia anayemchomoa Frieren kila anapojitumbukiza kichwa ndani ya sanduku la hazina ambalo kumbe ni dude lenye meno, miguu ikirusharusha nje. Frieren ana uchawi wa kutambua masanduku hayo, lakini bado anafungua. Nilicheka peke yangu kama chizi.

2. Kuruka miaka kuna gharama.

*House of the Dragon*, ambayo si anime, sizoni ya kwanza, 2022: kati ya episodi ya tano na ya sita inapita miaka 10. Rhaenyra wa Milly Alcock anaondoka, anaingia wa Emma D'Arcy. Rafiki yake Alicent, wa Emily Carey, anampisha Olivia Cooke. Waigizaji wote wanne wanajua kazi. Tatizo langu ni kwamba urafiki uliokuwa unaoza taratibu mbele ya macho yangu ulimalizikia kuoza mahali ambapo kamera haikuwepo, nami nikabaki kuuliza mtoto huyu ni wa nani. *Frieren* inaruka miaka mingi zaidi na hainipotezi, kwa sababu pengo lenyewe ndilo kisa. Sizoni nzima ni mtu anayerudi nyuma kutafuta alichokipita.

*The Rings of Power* inafanya kinyume. Katika vitabu vya Tolkien, kufuliwa kwa pete na kuzama kwa Númenor kumetenganishwa na zaidi ya miaka 1,500. Humu yanasukumwa yatokee kwa pamoja. Picha zinang'aa kwelikweli, lakini maelfi wale sikuwahi kuuhisi uzee wao.

3. Wimbo haurukwi.

"Mjomba, si uruke!" mpwa wangu husema. Siruki. Wimbo wa milet unaofunga *Frieren* ndio muda wangu wa kutafakari, na yeye aende kuosha vyombo.

4. Jikoni pana kisa kuliko uwanja wa vita.

*Delicious in Dungeon* ya studio ya Trigger, episodi 24 za mwaka 2024, inaanza kwa haraka: Falin amemezwa na joka jekundu, kaka yake Laios hana hela ya chakula, na ni lazima yeye na wenzake wafike kabla msichana hajasagika tumboni. Bahati yao, joka humeng'enya polepole. Basi wanakula wanachokiua njiani. Senshi, kibeti mwenye ndevu za kufunika kifua, anakata nge mkubwa mkia, anamtoa matumbo, anampasua michirizi ili ladha iingie, kisha anamtumbukiza chunguni na uyoga unaotembea. Aliyewahi kutengeneza pweza atamheshimu mara moja. Mwenzao Marcille anapiga kelele, anaonja, ananyamaza.

5. Fupi nazo zinauma.

*Kizazi Moto* ya Disney+, 2023, ni filamu 10 fupi za wasanii wa Afrika. Imo *Enkai* ya Ng'endo Mukii wa Kenya, na *Herderboy* ya Raymond Malinga wa Uganda, yenye wachungaji wa ng'ombe wa siku zijazo. Hiyo ya Malinga iliisha nikiwa bado najiweka sawa kwenye kochi. Mpwa wangu anasema ni fupi kwa makusudi. Mimi nataka episodi 24, na wale ng'ombe niwaone wakinyweshwa maji.