Ukichoka Mlimani, Sema

Wadogo zangu, Jumamosi alfajiri ukipita katikati ya Nairobi utawakuta vijana wamesimama kando ya matatu za kukodi, mikoba mgongoni, wanasubiriana waende Ngong, Longonot au Aberdare. Nikiwaona nafurahi sana. Kuna wakati kupanda mlima kulionekana kazi ya watalii, sisi tukabaki kubeba mizigo yao. Sasa ni jambo letu, na wasichana wamo tele.

Ila maswali mnayoniletea yananipa wasiwasi kidogo. Mnaniuliza kuhusu chui. Mnaniuliza kuhusu nyoka. Sijasikia mtu akiniuliza afanye nini akiishiwa na pumzi huku wenzake wote wako mbele, na kila mmoja anamwambia "jikaze, tumekaribia." Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo, kwa sababu porini kuona haya huweza kukuumiza kabla hujaonana na chui yeyote.

Anza hapa hapa mjini kujizoeza kufungua mdomo. Unakaa kwenye nyasi Uhuru Park na mtoto wa dadako, anakuja kijana, anaketi hatua mbili kutoka kwenu, anawasha sigara. Wengi wenu mtameza mate na kuhama. Kwa nini uhame? Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku tangu 2007, nayo inakataza kuvuta sigara mahali pa umma isipokuwa palipotengwa. Na bustani ile haikubaki kuwa bustani kwa bahati. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga pale jengo la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai akapaza sauti, akatukanwa, hakunyamaza, na jengo halikujengwa. Msituni Karura nako, Januari 1999, yeye na wenzake walipigwa hadi kumwaga damu walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa watu. Hewa unayoivuta pale imepiganiwa. Basi mwambie kijana kwa adabu: "Kaka, samahani, tuna mtoto hapa. Naomba uvutie mahali palipotengwa." Wengi huzima na kuomba radhi. Akikujibu vibaya, usibishane naye, hasa ukiwa peke yako. Inuka, mwite askari wa bustani. Mwenye pumu haombi upendeleo akiomba moshi usimfikie.

Sasa tupande. Nitawapa mfano wa Longonot kwa sababu wengi huanzia huko. Njia ya kufika ukingo wa shimo la volkano inapanda kwa vumbi na jua, kivuli ni cha kuhesabu, na maji ya kunywa ni yale uliyobeba tu. Ukifika ukingoni kundi litasema, tuzunguke. Mzunguko ule ni kama kilomita 7, unapanda hadi kilele cha mita 2,776, na ukishafika nusu yake, kurudi nyuma na kuendelea mbele ni mamoja. Kwa hiyo pale ukingoni, kabla ya kuinua mguu, jiulize mambo matatu. Nina maji zaidi ya nusu? Miguu inanitii? Ni saa ngapi? Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na likishazama giza haliwi na subira kama huko Ulaya. Ikiwa jibu moja halikupendezi, sema kwa sauti: "Mimi nashukia hapa." Usinong'one. Na mwenzako akisema hivyo, mmoja wenu ashuke naye. Kundi linalomwacha mtu ashuke peke yake, mdogo wangu, usitoke nalo tena.

Aberdare ni habari nyingine. Kadiri unavyopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, ongeza mvua na upepo, utaelewa kwa nini mtu aliyetoka Kayole na fulana ya pamba anatetemeka saa nane mchana. Pamba ikilowa haikupi joto tena, inakunyonya ulilo nalo. Vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka haraka, na sweta moja uifunge vizuri isilowe, uivae mkisimama kupumzika. Mwangalie mwenzako usoni. Akianza kujikwaa ovyo, kuburuta maneno, au kukasirika bila sababu, mwambie agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Akishindwa, baridi imeshamwingia. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mkalisheni juu ya mikoba asiguse ardhi, mpeni chai ya sukari kama anaweza kumeza vizuri. Pombe hapana, hata tone. Na akiacha kutetemeka huku mwili wake bado ni baridi, msidhani amepona. Hapo hali ndiyo imekuwa mbaya, mtafuteni wa kumshusha mara moja.

Naomba kaka zetu wasome na hili. Wasichana wengi hawanywi maji njiani kwa sababu wanaogopa kuomba haja. Wanapanda na koo kavu, kichwa kinauma, kisha tunasema ni kimo cha mlima. Beba leso. Mwenzako anaishika kama pazia, unachuchumaa, mambo yanakwisha. Mbali na njia, na mbali zaidi na kijito, kwa sababu kuna watu wanakunywa maji hayo huko chini. Ukiwa kwenye hedhi, nenda kama mwili unakuruhusu, chukua sodo za kutosha na mfuko wa kitambaa wa kurudishia zilizotumika. Usizifukie, wanyama huzifukua. Kiongozi wa msafara mwambie tu, "nahitaji dakika tano." Hana haki ya kukuuliza za nini. Kiongozi mwerevu huzitangaza dakika hizo mwenyewe, kwa kila mtu, kabla hamjaingia kwenye mianzi.

Mianzini ndiko watu hupotelea. Tembo na nyati hupita humo wakaacha njia pana, safi, za kuvutia kuliko njia yenu. Ukigundua huoni nyayo za viatu, simama. Usikimbie kutafuta, usiteremke ukiamini utakutana na barabara. Kaa ulipo, vaa kila nguo uliyo nayo, toa filimbi. Puliza mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Kila anayejua milima anajua ni mtu anaomba msaada. Filimbi husikika mbali kuliko sauti yako, na haichoki. Simu iweke ndani ya nguo karibu na mwili, baridi humaliza betri. Mtandao ukiwa dhaifu tuma ujumbe wa maandishi, mara nyingi hupenya pale ambapo kupiga kumeshindikana.

Nyoka, kwa kuwa mmeuliza: akikuuma usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na bangili, tuliza kiungo kisicheze, nenda hospitali. Radi ikinguruma, shuka kutoka mgongo wa mlima, usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake.

Na chupa ya maji iwe ya kurudia kutumia, maana tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na misitu yetu.

Kabla hujapanda matatu ile Jumamosi, mwandikie ujumbe mtu mmoja aliyebaki nyumbani. Simsemi rafiki anayelala hadi adhuhuri. Namsema mama, au dada yako mwenye wasiwasi. Mpe jina la mlima na lango mtakaloingilia, namba ya gari, namba ya simu ya kiongozi, na saa unayotarajia kuwa umeshuka. Kisha ongeza: ikifika saa moja usiku hujanisikia, mpigie kiongozi, naye asipopatikana, piga 999 au 112 uwaambie yote niliyokuandikia hapa.