SOMO LA BIOLOJIA: Uvimbe wa mbwa na paka, tusiupe jina mbele ya kuupima

Katika namba iliyopita tulisoma ginsi seli inavyojigawanya: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Leo tutaona ginsi kazi ile inavyoweza kuharibika ndani ya mwili wa mbwa au wa paka, na ginsi munganga wa nyama anavyojua uvimbe ni wa namna gani. Tulichagua somo hili juu ya mambo mawili yaliyotupata hapa internati. Katika la kwanza tulikosa. Katika la pili tulikaribia kukosa.

1. Paka wa depo

Wengi wenu mlimjua yule paka aliyechunga magunia ya unga. Mwezi wa kumi mmoja wetu alimshika tumboni, akasikia karibu na titi kitu kigumu sawa mbegu ya kunde. Tulisema: «Ni maziwa tu imeganda, itaisha.» Hakuna aliyeuliza paka huyu alizaa lini. Hakuwa amezaa tangu mwaka uliotangulia, basi maziwa yangetoka wapi?

Mwezi wa pili kitu kile kilikuwa kama yai la kuku, ngozi ilipasuka, na paka alihema kwa shida. Munganga alipofika alitwambia: «Inaonekana kansere imefika mapafuni. Mungeniita wakati ilikuwa mbegu ya kunde.» Paka alikufa juma lile.

Tukumbuke hesabu hii. Kwa mbwa, karibu nusu ya uvimbe wa matiti ni kansere mbaya. Kwa paka ni zaidi ya 8 kati ya 10. Tena, paka ambaye uvimbe wake unakatwa ukiwa chini ya sentimeta 2 ana tumaini kubwa kuliko yule aliyengojewa. Kwa hiyo kitu kigumu katika titi la paka hakingojewi mwezi, hata kikiwa kidogo.

2. Maulizo matano mbele ya sindano

Uvimbe si ugonjwa mmoja. Ni alama, sawa vile homa ni alama. Munganga anauliza hivi:

a) Uko fasi gani? Uvimbe kwenye kitovu au kwenye kinena, laini, unaorudi ndani ukisukumwa, unaweza kuwa utumbo uliotoka kwa tundu la misuli. Huo hauchomwi sindano hata kidogo.

b) Ulianza lini, na unakua namna gani? Uvimbe uliotokea kwa siku tatu nne, wa moto, wenye kuuma, mara nyingi ni jipu la usaha. Paka wanaopigana wanapata hilo sana, kwani jino la paka ni jembamba: ngozi inafunga juu, vijidudu vinabaki chini.

c) Ni mgumu au laini? Unatembea chini ya ngozi, ao umeshikamana na nyama? Uvimbe laini unaotembea, kwa mbwa mzee, mara nyingi ni mafuta tu. Lakini kuna kansere nazo zilizo laini, kwa hiyo mkono peke yake hautoshi.

d) Kuna kitundu katikati? Angalia vizuri: pengine mna buu ndani. Kuna nzi anayetaga mayai juu ya mchanga wenye mkojo, ao juu ya nguo zisizokauka. Buu linaingia katika ngozi na kuhema kwa kitundu kile. Sisi wenyewe tunalijua, ndiyo sababu mama zetu wanapiga nguo pasi. Huo si uvimbe wa kansere, na kisu hakihitajiwi.

e) Kuna mwingine? Munganga anagusa mwili wote, anafungua kinywa, anaangalia matezi ya shingo na ya mapaja.

Majibu yanaandikwa, pamoja na tarehe na kipimo cha sentimeta. Bila kipimo mtu anasema «umekua» ao «haukukua» kwa kufwata hofu yake tu. Paka wa depo hakuandikiwa hata mstari mmoja.

3. Sindano na kioo

Maulizo yanaonyesha njia, lakini seli ndizo zinazojibu. Munganga anachukua sindano nyembamba, anaiingiza ndani ya uvimbe, anaisukuma mbele na nyuma mara chache, kisha anapuliza kwa seringi kile kilichobaki ndani yake juu ya kipande cha kioo. Anakipakaza, anakiacha kikauke, anakitia rangi, anakitazama kwa mikroskopi. Usaha una sura yake, mafuta yana sura yake, kansere ina sura yake.

Pengine sindano inatoa damu tu, ao seli chache. Hapo kioo hakikusema «hakuna kansere»; kimesema «sijui». Basi munganga anakata kipande kidogo, anakitia katika formoli yenye wingi mara kumi kupita kile kipande, na kukituma kwa labo kubwa.

4. Simba, mbwa wa Baba Zamu

Sasa jambo la pili. Mbwa wa zamu wetu wa usiku, jina lake Simba, alitoka damu kwa tundu moja la pua, alipiga chafya, na uso ulianza kuvimba juu ya pua. Wengine walisema amelishwa sumu. Wengi walisema ni wazimu wa mbwa. Ilipangwa auawe siku ya posho.

«Papa, hii imbwa yako iko na wazimu. Tuiue mbele haijaluma mutoto.»

Baba Zamu alijibu kwa upole: «Batoto yangu, miezi mbili sasa inatoka damu. Inakula bugali, inakunywa mayi, inanijua. Wazimu inangojaka miezi mbili?»

Sisi tuliosoma biolojia hatukuwa tumefikiri hivyo. Munganga alisema mzee amesema haki: mbwa aliyekwisha kuonyesha alama za wazimu hufa, kwa kawaida ndani ya siku 10. Lakini alituonya pia. Mbwa anayetoka mate, asiyeweza kumeza, aliyegeuka tabia, tusitie mkono katika kinywa chake kutafuta mfupa. Aliyeumwa naye aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ileile kutafuta chanjo.

Damu ya pua ina sababu mingi: pigo, ruba, ugonjwa unaoletwa na kupe, uvimbe. Munganga alimlaza Simba kwa dawa, akaingiza pamba ndogo puani, akaizungusha juu ya kioo. Kioo kilipelekwa kwa labo ya hospitali, kikatiwa rangi ya Giemsa, ileile wanayoitumia kutafuta malaria. Tuliruhusiwa kutazama mmoja mmoja. Tuliona seli za mviringo, nyingi sana, zenye kiini kikubwa, na kandokando ya kiini vitundu vidogo vyeupe vimepangwa sawa shanga. Munganga alizijua mara moja.

5. Kansere inayotembea

Uvimbe huu kwa kawaida unaonekana kwenye viungo vya uzazi vya mbwa, dume na jike. Ni mwekundu, unatoka damu, una sura ya shufleri. Puani peke yake ni fasi isiyo ya kawaida, ndiyo sababu ulitudanganya. Mbwa ananusa na kulamba mwenzake mgonjwa, na seli za kansere zenyewe zinashika puani mwake na kuota.

Hapo ndipo pa kushangaza. Hauletwi na virusi wala na bakteria. Seli yenyewe ndiyo inayohama, sawa mche unaotolewa shamba moja na kupandwa lingine. Mwaka 1876 munganga wa nyama wa Urusi, Novinsky, aliuhamisha kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Mwaka 2006 wataalamu wa London walionyesha ya kwamba uvimbe wa mbwa wa inchi mbalimbali una asili moja. Wote ulitoka kwa mbwa mmoja aliyeishi miaka elfu nyingi iliyopita. Yeye alikufa zamani, seli zake zinaishi hata leo. Mbwa ana kromosomu 78 katika kila seli ya mwili. Seli za uvimbe huu zina kati ya 57 na 64. Kwa hiyo si seli za Simba zilizoharibika, ni za mgeni. Kwa mtu hauambukizi.

Tena ni moja ya kansere zinazopona vizuri. Dawa ni vinkristini, sindano moja kwa juma katika mshipa, mara nyingi juma 4 hadi 6. Dawa hiyo inatoka katika ua la pinki la Madagaska, ambalo watu wengi wanalipanda mbele ya nyumba. Lakini msiende kulichemsha! Ni sumu, hata munganga anaangalia sana isimwagike nje ya mshipa.

Baba Zamu aliuza mbuzi mmoja, sisi tulichanga kidogo. Kwa sindano ya pili damu ilikatika. Kwa ya sita uso ulirudi. Simba analala tena mlangoni pa internati.

6. Tukumbuke

Uvimbe wa paka ulionekana mdogo, ukamuua. Uvimbe wa Simba ulionekana wa kifo, ukapona. Jicho lilitudanganya mara zote mbili, na kila mara tulikuwa tumekwisha kutoa jina. Maulizo matano, kipimo na tarehe, hayo yanawezekana kwa kila mmoja wetu. Sindano na kisu ni kazi ya munganga.

Maulizo ya kujipima
1. Sababu gani uvimbe wa kitovu hauchomwi sindano?
2. Kioo kinatoa damu tu. Tunaweza kusema hakuna kansere?
3. Ni neno gani la Baba Zamu lililoonyesha ya kwamba Simba hakuwa na wazimu?
4. Onyesha kwa hesabu ya kromosomu ya kwamba seli za uvimbe wa Simba hazikuwa zake.

Majibu katika namba itakayofuata. Kwa sasa, rudini nyumbani mkaguse mbwa na paka zenu. Mkisikia kitu, andikeni tarehe.