Kabla Hamjampandia Mtu Paa

Wadogo zangu, kikundi cha vijana wa Malindi kinaniuliza: likizo ya Aprili wanataka kuvuka Sabaki waingie Mambrui, wazikarabati nyumba za wasiojiweza, sasa waanze na nini? Michango wameshakusanya na fulana wameshachapisha. (Fulana kabla ya misumari! Haya.)

Kwanza ahirisheni. Aprili ni masika, na mvua itawakuta mmeshaliezua paa la mtu. Ngojeni Agosti.

Huku mnangoja, nendeni mpige hodi. Pitieni kwa mzee wa mtaa, kisha mkae barazani kwa mwenye nyumba mumsikilize. Nyinyi mnawaza ukuta wa mawe. Yeye pengine anachotaka ni mlango wa choo. Akiwa ni mjane yumo edani, hiyo miezi 4 na siku 10 ina heshima zake: wavulana wakae kando, wasichana ndio waingie waongee naye, aseme mwenyewe kazi ifanywe lini na vipi.

Na ulizeni kiwanja ni cha nani. Hapa ndipo ninapowashika mkono hasa. Pwani yetu nyumba huwa yako na ardhi ikawa ya mwingine, unamlipia kodi ya kiwanja, naye amekuruhusu udongo na makuti tu. Mambo haya yana mizizi mirefu: sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi bila karatasi ya ardhi waliyoikalia, ikahesabiwa kuwa ya serikali. Sasa nyinyi mkimwaga saruji kwa nia njema, mwenye kiwanja ataona mpangaji wake anajenga nyumba ya kudumu. Mtarudi zenu Malindi mkiimba, na bibi wa watu mmemwachia kesi. Ruhusa ipatikane mbele ya mashahidi, au msiguse mawe.

Wala nyumba ya udongo si aibu. Ukuta wa fito uliokandikwa vizuri unadumu, mradi paa halivuji na maji hayatuami chini yake. Pesa zenu basi zipelekeni juu: makuti yashonwe ya kubanana, paa liwe na mteremko mkali. Mabati mimi siyapendi. Hewa ya bahari huyala kwa kutu, na mchana wa Februari humo ndani hapakaliki. Lakini akiyataka mwenyewe, nyumba ni yake.

Fundi wa kuezeka awe wa hapo hapo Mambrui, na alipwe. Kujitolea ni kwenu, si kwake. Nyinyi tekeni maji, kanyageni udongo, kandikeni.

Halafu chakula. Mkijaa uani kwa mtu tangu asubuhi, hawezi kuwaacha na njaa. Atakwenda kukopa dukani ili awapikie. Bebeni unga wenu, mchicha wenu, samaki wenu na makaa yenu, na sahani za kwanza ziende kwa wenyeji. Picha mkitaka, pigeni paa. Watoto wake waacheni.