Aliyeitikia kwa Kichwa: Jibu kwa Mfanyabiashara wa Mboga wa Rangwi

BARUA (imefupishwa): Mama mmoja wa Rangwi, wilayani Lushoto, hununua kabichi, karoti na pilipili hoho kwa wakulima na kuziuza katika soko la Lukozi. Kampuni ya Dar es Salaam inataka aiuzie mboga kila wiki kwa mwaka mzima. Mkataba ni wa Kiingereza, na umeletwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni wakala wa kampuni hiyo. Shemeji alimfungulia kurasa moja baada ya nyingine akisema ni karatasi za kawaida tu, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Sahihi inatakiwa Ijumaa. Anauliza kama kuna haja ya wakili, ilhali gharama ni kubwa na shemeji anaweza kuhisi haaminiwi, na kama mumewe anaweza kuwa shahidi wa sahihi. Ameambatanisha nakala.

JIBU: Katika barua iliyojaa maelezo marefu kuhusu bei ya karoti na ubovu wa malori, jambo zito ni moja, nalo ni kule kuitikia kwa kichwa. Mtu anayeweza kubishana na wachuuzi wa Lukozi tangu alfajiri ameshindwa kutamka mbele ya shemeji yake kwamba hakuelewa, na aibu hiyo, wala si ada ya wakili, ndiyo inayomsukuma kwenye sahihi ya Ijumaa.

Sheria haimhurumii mwenye aibu. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinayahesabu makubaliano kuwa mkataba yanapofanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali, na aliyetia sahihi huchukuliwa kuwa ameyaridhia yaliyoandikwa hata kama hakuyasoma. Ni kweli kwamba aliyepotoshwa anaweza kuomba mkataba utenguliwe, lakini kifungu cha 19 kinaweka mpaka: ikiwa ridhaa ilitokana na maelezo yasiyo sahihi, na mlalamikaji alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, mkataba hautenguki kwa sababu hiyo. Mtu aliyekaa na karatasi nyumbani kwa siku kadhaa atapata taabu kuieleza mahakama kwa nini hakuitafuta njia hiyo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kwa kawaida hairuhusu ahadi za mdomo kupinga au kubadili masharti yaliyoandikwa, isipokuwa katika hali maalumu kama udanganyifu, na kwa hiyo yote ambayo shemeji ameahidi kwa kinywa yanaweza kubaki sebuleni yaliposemewa.

Shemeji mwenyewe hana lazima ya kuwa mtu mbaya. Wakala, kwa maana ya kisheria, ni mtu aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, na wajibu wake katika shughuli hiyo ni kwa aliyemtuma. Ndiyo kusema kwamba katika jambo hili, na katika hili tu, kijana huyo yuko upande wa kampuni. Kumwuliza maswali hakumvunjii heshima. Kinachovunja undugu ni kunyamaza siku ya sahihi na kulalamika siku ya hasara, wakati ambapo mume atalazimika kuchagua kati ya mkewe na mdogo wake, na wazee wa ukoo watakalishwa kusuluhisha jambo ambalo wakili angelimaliza kwa saa moja. Mwanamke anayetunza mtaji wake kwa jasho lake ana haki ya kusema hajaelewa, tena kwa sauti, tena mara ya pili na ya tatu.

Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero, Usagara, ambaye tarehe 29 Novemba 1884 alikubali hati ya Kijerumani iliyoletwa na Karl Peters, na ambaye jina lake limegeuzwa kuwa dhihaka kwa kila mkataba mbovu. Dhihaka hiyo si ya haki, kwa kuwa mkalimani wa siku ile alikuja na Peters mwenyewe, na Mangungo hakuwa na wa kwake. Mama wa Rangwi naye amesomewa hati na mkalimani wa upande wa pili. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kumkodi wa kwake kabla ya Ijumaa.

Nakala yenyewe inatosha kuonyesha kazi iliyopo. Kipimo kimetajwa kuwa gunia, bila kilo hata moja, na mkulima yeyote wa Usambara anajua gunia lisilo na kilo huishia kuwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga vita kila msimu. Faini imewekwa kwa kila wiki ambayo mzigo haukufika, wala hakuna neno juu ya masika, wakati ambapo udongo unaweza kuporomoka na kuifunga barabara ya Soni hadi Mombo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia ya kiasi isiyozidi faini iliyotajwa, lakini ni nafuu kuandika sharti la mvua leo kuliko kuyajadili hayo mahakamani.

Kuhusu ada, iulizwe kabla ya kazi na ilinganishwe na faini ya wiki mbili tu. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kumwelekeza. Tarehe ya sahihi isogezwe kwa barua fupi ya adabu.

Mume anaweza kuwa shahidi wa sahihi. Hata hivyo, ukurasa wa tisa unakifanya kiwanja kuwa dhamana ya deni, na ikiwa ndicho chenye nyumba ya familia, basi mume anahusika kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mwanandoa mmoja kuitoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Barua haisemi kama mume ameuona ukurasa huo. Auone leo jioni, na wakili aanze nao.